Miche 200 shuleni, imebaki mitatu: hii elimu ya misitu tunaifundishaje?

#1 KalamuYaChaki
Habari wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoa wa Dodoma. Shule siitaji, nina watoto wa kulisha.

Mwaka jana tarehe 1 Aprili, Siku ya Upandaji Miti Kitaifa, tulipanda miche 200. Mgeni rasmi alikuja, ngoma zikapigwa, wanafunzi wakaghani shairi, kila mkubwa akapiga picha ameinama na mche wake. Septemba nikapita na daftari kuhesabu: 11. Januari hii nimehesabu tena: mitatu. Mmoja uko nyuma ya jiko, wa pili pembeni ya choo cha walimu, wa tatu chini ya dirisha la mlinzi.

Kinachoniuma ni kwamba watoto hawa hawa ukiwauliza faida za misitu kwenye mtihani wanazimwaga zote: mvua, hewa safi, mbao, dawa, makazi ya wanyama. Maksi zote. Halafu jioni nawakuta wamevunja mche wangu wa nne, marehemu sasa, wamepata fimbo ya kuchungia.

Tatizo ni maji? Mbuzi? Sisi walimu? Au hiyo elimu yenyewe haifundishi kitu? Na kwa nini ile mitatu imepona?

#2 Fundi Sofa
Miti umepanda Siku ya Wajinga, ulitegemea nini mwalimu 😂 Navuta kigoda, wataalamu waje.

#3 Mzee wa Vitalu
Fundi anatania lakini kagusa palepale. Nimekuwa bwana miti miaka mingi kabla ya kustaafu, na hili ndilo lilikuwa linaniudhi kuliko yote.

Dodoma mna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Desemba, Aprili zinaaga. Kwa mwaka mzima mnapata milimita 550 hadi 600 tu. Mche uliotiwa ardhini tarehe 1 Aprili unapata mvua mbili tatu za kuaga, halafu unakutana na miezi saba ya jua kavu ukiwa na mizizi ya kidole. Watu wa Tanga na Lushoto tarehe hiyo hiyo ndiyo masika yanaingia, kwao inafaa kabisa. Huko kwako panda mvua za kwanza zikishakaa, mwisho wa Desemba au Januari.

Nina ombi moja mwalimu. Nenda kang'oe miche mikavu kama kumi hivi, uangalie mizizi. Usiniambie lolote kabla hujaangalia.

#4 SubiraNjema
Nyongeza kidogo kwa mzee. Tarehe 1 Aprili ni kilele cha kitaifa, haina maana kila mkoa lazima usubiri siku hiyo. Mikoa mingi hupanga siku yake kwa kufuata mvua zake. Shida ni kwamba kamera ziko siku ya kilele.

#5 Mama Tatu
Mimi sijui mvua wala milimita, nasema kama mzazi. Mwanangu wa darasa la tano alirudi na tope mpaka kwenye sikio. Namuuliza vipi? "Nimechelewa namba, nikapewa adhabu ya kumwagilia miti." Wa darasa la saba naye aliongea darasani, adhabu: kuchimba mashimo ya miti. Aliyepiga kelele, palizi kwenye bustani ya miti.

Sasa niambieni, mtoto anayekutana na mti siku aliyokosea tu ataupendaje? Mwalimu @KalamuYaChaki jibu kwa uaminifu: nani anamwagilia hapo kwenu?

#6 KalamuYaChaki
@Mama Tatu umenikamata pabaya. Wachelewaji ndio wanaomwagilia. Kila mtoto anakuja na kidumu cha lita tano Jumatatu na Alhamisi, maji yanaenda jikoni kwanza, yanayobaki ndiyo ya miti. Kiangazi hayabaki.

Mzee wa Vitalu, kesho asubuhi naenda kung'oa.

#7 Mbishi Daima
Hapa watu wanazunguka mbuyu. Tatizo ni njaa. Mtu hawezi kuhifadhi msitu wakati hana gesi. Fundisheni hata kwa kinanda, mkaa utachomwa tu.

#8 Gunia Tano
Mbishi leo umeongea la maana, sijui umekula nini. Mimi nauza mkaa Dar, mzigo nautoa njia ya Chalinze na Morogoro. Kila mara naona bango la "usikate miti". Mwenye bango anapika na nini? Mkaa. Afisa anayenikagua hati ya kusafirishia anaponunua gunia ananiomba nimpunguzie bei. Nusu ya mkaa wote wa nchi hii unaishia Dar es Salaam, halafu semina mnaenda kumfanyia mwanakijiji.

Mnataka kufundisha umma? Anzeni Sinza na Mbagala.

#9 Fundi Sofa
Gunia Tano kumbe ni wewe! Gunia uliloniuzia chini lilikuwa na mawe.

#10 Gunia Tano
Hayo ni mambo ya kuongea pembeni mkuu 😂

#11 Mpare Asilia
Mimi naona tumesahau tulikotoka. Kwetu Upareni kila ukoo ulikuwa na msitu wake. Ule wa jando tunauita mshitu. Hakuna aliyekata hata kijiti humo, na hakuna mwalimu wala bango. Babu yangu alikuwa anavua viatu akipita jirani nao. Mpaka leo ukiwa mbali ukaona kichaka kinene juu ya kilima chenye mashamba pande zote, huo ni mshitu.

Wajomba zetu waliambiwa ni ushenzi, wakaacha. Baadaye shule ikaja na kitabu cha maarifa kusema misitu ina faida saba. Hofu ilihifadhi, faida saba hazijahifadhi kitu.

#12 Mbishi Daima
Kwa hiyo unataka turudishe mizimu kwenye mtaala?

#13 Mpare Asilia
Sijasema hivyo. Wamijikenda kule pwani ya Kenya wana kaya zao, ni misitu ya wazee, na UNESCO imeziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Hakuna aliyewaita washenzi siku hiyo.

#14 Nyeri Baridi
Watanzania hamjambo. Kaya ni kweli, lakini usidanganyike kwamba heshima bado ipo vilevile. Vijana wengine hawajui hata kaya ya kwao iko wapi, na ardhi ya pwani ina bei.

Kuhusu miti kufa: hata Wangari Maathai alianza hivyo. Tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi, na katika hiyo saba mingi ilikufa, ikasalia miwili. Kwa hivyo mwalimu usilie, mama wa tuzo ya Nobel naye alipoteza mitano kati ya saba.

Lakini baadaye alibadilisha kitu kimoja. Akina mama wa Green Belt, chama chake cha kupanda miti, walikuwa wanalipwa pesa kidogo kwa kila mche *uliopona*. Kupanda peke yake hakukulipi. Hapo ndipo watu walianza kujenga vitanda vya miche, kuweka uzio, kulinda na kumfukuza mbuzi.

#15 Fundi Sofa
Nyeri Baridi nyinyi si mlipewa sikukuu nzima ya kupanda miti, 13 Novemba 2023? Tuambie ulipanda mingapi.

#16 Nyeri Baridi
Nilipanda mmoja mchana. Asubuhi nililala. Serikali inataka bilioni 15 kufikia 2032, mmoja wangu umo.

#17 Mama Tatu
Umepona?

#18 Nyeri Baridi
Sijarudi kuangalia 😅

#19 Punju wa Chwaka
Assalaam alaykum wapendwa. Nimesoma uzi wote. Huku Unguja tuna msitu wa Jozani, nasi tulikuwa na uadui na wale kima punju kwa sababu wanaingia mashambani kula majani ya miembe na mikungu. Zamani mkulima akimwona punju anashika gobori. Leo watalii wanalipa kuwaona, sehemu ya pesa inarudi vijijini, na mkulima aliye jirani na msitu hampigi tena ovyo. Wala hakuna aliyemsomesha faida saba.

Halafu kioja: punju wenyewe wanakula mkaa! Kweli kabisa. Wanaokota vipande vya mkaa kwenye matanuru na visiki vilivyoungua wakatafuna. Wataalamu wanasema unawasaidia tumbo dhidi ya sumu iliyo kwenye hayo majani ya miembe na mikungu.

#20 Gunia Tano
Wateja wapya hao. Nitumieni namba.

#21 Kivu Moja
Jambo wandugu, mimi niko Goma. Huku kwetu makala ndiyo inapika nyumba zote. Makala nyingi inatoka ndani ya Virunga, na kila mutu anajua ni nani wanapata pesa yake mu pori. Park ile iliundwa 1925, imezeeka kuliko baba yangu, na bado mapigano haiishi.

#22 Fundi Sofa
Makala gani ndugu yangu, ya gazeti?

#23 Kivu Moja
Hahaha hapana. Makala ndiyo nyinyi mnaita mkaa. Gazeti ikiisha kusomwa nayo inaweza kuwasha makala.

Ila mimi nasema hivi: walijenga umeme wa maji, kama ule wa Matebe kuanzia 2015, ili watu waache makala. Jirani yangu mwenye pesa anapika na umeme. Mimi umeme ninawasha taa na kuchaji simu. Si kwamba sijui msitu ni mzuri. Ninajua sana. Kujua haiivishi maharagwe.

#24 SubiraNjema
"Kujua haiivishi maharagwe." Natoa kofia.

Mimi nasoma mambo ya mimea, nitasema kitu kitakachowaudhi baadhi. Tunawafundisha watoto kwamba "miti huleta mvua" kama vile ukipanda mche leo wingu linakuja Jumamosi. Mtoto akipanda, mvua isije, anajua umemdanganya. Ukweli una kona nyingi. Misitu ya milimani, Usambara na Uluguru, inakamata ukungu na kuutiririsha ardhini, inazuia maji ya mvua yasikimbie na udongo. Ndiyo maana Mto Ruvu unaoanzia Uluguru unanywesha Dar, na Mto Zigi unaotoka milima ya Amani unanywesha jiji la Tanga. Hapo unaweza kumwonyesha mtoto bomba na kumwambia maji haya yalipita wapi.

Lakini mti pia unakunywa. Ukienda kujaza mikaratusi kwenye chemchemi, chemchemi inakauka. Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji iondolewe. Sasa mtoto aliyekariri "miti huleta maji" atamuelewaje?

#25 Mzee wa Vitalu
Binti (au kijana) SubiraNjema nakuunga mkono, ila usiuonee mkaratusi. Ni mti mzuri mahali pake. Mbali na maji, kwa nguzo na kuni, hauna mpinzani. Tatizo ni sisi tunaompa mgeni kutoka Australia kazi ya mkuyu.

#26 Mbishi Daima
Sikubali. Kijijini kwa mama yangu, Njombe, kuna mikaratusi na misindano kila mahali na maji yapo. Hii ya kunywa maji ni maneno ya vitabuni.

#27 SubiraNjema
Njombe mnapata mvua nyingi mkuu, mnaweza kumlisha mgeni. Mwambie mtu wa Manyoni apande kando ya kisima chake halafu turudi hapa.

#28 Mpare Asilia
Na mkishapanda misindano tupu msiite msitu. Sao Hill ni shamba la miti. Shamba zuri, linaleta nguzo na mbao, lakini ni shamba. Msitu ni kitu kingine, una chini, katikati na juu.

#29 Mama Tatu
Kwa hiyo tumefika wapi? Mvua, adhabu, njaa, mizimu, mikaratusi. Mwalimu yuko wapi na mizizi yake?

#30 KalamuYaChaki
Nimerudi. Nimeng'oa kumi kama nilivyoagizwa na @Mzee wa Vitalu. Nimetumia jembe maana ardhi imekuwa kama sakafu.

Sita kati ya kumi kiriba bado kipo. Kile kinailoni cheusi kilichobeba udongo wa kitaluni, hakijachanwa hata kidogo. Mche umetumbukizwa shimoni na nguo zake. Mizizi imezunguka ndani ya kiriba kama nywele zilizosukwa, haikupata hata upenyo wa kutoka. Mmoja ukishika juu unatoka mzima, mchanga wa kitaluni bado mweusi, na kando ya shimo udongo wetu mwekundu.

Na hiyo sita, nimeangalia ramani niliyochora siku ile, ni ya mstari wa mbele. Mstari wa wageni.

#31 Mzee wa Vitalu
Ndiyo hiyo. Ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Miaka yote naona kitu hicho hicho. Mgeni rasmi ana haraka, amevaa viatu vizuri, anakabidhiwa mche, anautumbukiza, anafukia kwa mikono miwili, picha, anafuta mikono. Hakuna wa kumwambia "mheshimiwa, chana kwanza kiriba". Anayejua ni mtoto wa kitaluni aliyesimama nyuma, na mtoto hawezi kumwambia mheshimiwa.

#32 Fundi Sofa
Mti umekufa kwa adabu.

#33 Nyeri Baridi
😂😂 Hii naibeba.

#34 Mbishi Daima
Sita kati ya kumi. Wale wanne je? Na wale wa mstari wa nyuma waliopandwa na watoto? Hesabu haijakamilika. Miche 200 haikuuawa na wageni.

#35 KalamuYaChaki
Kweli. Wanne waliobaki kiriba kilichanwa na mizizi ilitoka kidogo. Miwili imeliwa na mchwa kuanzia shingoni. Miwili ni kiu tu. Mbuzi nao siwasamehe, wamekula ya kona ya kusini. Mbuzi wenyewe ni wa nani sisemi, ila mwenyewe anakaa nyumba ya walimu.

#36 Mama Tatu
Ni mbuzi wa mwalimu mkuu 😂😂 Sema tu.

#37 KalamuYaChaki
Nina watoto wa kulisha dada.

#38 Ng'wana Ngitili
Habari za jioni. Natokea Shinyanga na nimeona mnazungumza kupanda, kupanda, kupanda. Sisi tulirudisha msitu bila kupanda sana.

Kwanza historia, maana watoto hawaambiwi. Wakoloni walifyeka vichaka vya Usukuma ili kuua mbung'o. Ikaongezeka pamba, ng'ombe na kuni. Ikafika mahali mama anatembea nusu siku kutafuta kuni na watu wanapikia kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Walianza kama wengine, vitalu na miche, ikafa kama ya mwalimu hapa. Ndipo wakawasikiliza wazee: Msukuma ana ngitili. Unatenga kipande cha malisho, unakifunga wakati wa mvua, majani yanakua, unakifungua kiangazi kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Ukikifunga, visiki vilivyokuwa ardhini vinaamka vyenyewe. Migunga ikaota bila mtu kumwagilia hata kikombe.

Zilianzia hekta kama 600, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka 300,000. Mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baba yangu hakujua kuna tuzo. Alijua kwamba mama haendi mbali tena kwa kuni na paa la nyumba limepata nyasi.

#39 Mzee wa Vitalu
Nilifanya kazi huko. Nathibitisha. Na siri ilikuwa kwamba ngitili ina mwenyewe. Ya familia ina jina la familia, ya kijiji ina dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu. Ukiingiza ng'ombe kipindi kimefungwa, faini yako si barua. Ni ng'ombe.

#40 Gunia Tano
Hata mkaa unaweza kufanywa hivyo. Kilosa kuna vijiji vilianza mwaka 2012 kugawa msitu wa kijiji vipande vya mita 50 kwa 50, unakata kimoja unaruka kingine, kama draft. Visiki unaviacha virefu kidogo vichipue, na kipande hakiguswi tena mpaka miaka 24. Kijiji kinatoza ushuru, wanajenga zahanati na madarasa. Nilinunua huko. Mkaa wenyewe mzuri, na tanuru lao bora. Lile la kienyeji la kufukia udongo, kilo 100 za kuni zinakupa mkaa kilo 10 hadi 20 tu. Zilizobaki zimekuwa moshi.

#41 Mbishi Daima
Yaani muuza mkaa ndiye mhifadhi sasa. Nchi hii.

#42 SubiraNjema
Kama kisiki kinachipua, kwa nini watoto wetu hawajui hata kukipunguzia machipukizi? Dodoma hapo hapo kuna watu wa Kisiki Hai wanafundisha wakulima: kisiki kina machipukizi kumi, chagua mawili matatu yenye afya, mengine kata, funga kitambaa kuonyesha kinalindwa. Hakuna kidumu, hakuna kiriba. Mwalimu, mna visiki eneo la shule?

#43 KalamuYaChaki
Tunavyo, tunaviita uchafu. Kila Ijumaa tunavifyeka kwa ajili ya usafi wa mazingira.

#44 Fundi Sofa
😂😂😂 Wanafyeka msitu kwa ajili ya usafi wa mazingira.

#45 Mzee Redio
Vijana mmenikumbusha mbali. Sisi elimu ya misitu tuliipata kwenye redio. Jioni mnakusanyika chini ya mwembe wa balozi, kiongozi ana kitabu, redio inafunguliwa, Radio Tanzania Dar es Salaam inatangaza, mkimaliza mnajadili: sisi hapa tufanye nini? Mnaandika, mnatekeleza. Ilikuwa inaitwa Misitu ni Mali. Mwaka 1973 hiyo.

#46 Mzee wa Vitalu
Shikamoo mzee mwenzangu. 1973 ilikuwa Mtu ni Afya, ile ya vyoo na malaria. Misitu ni Mali ilikuja baadaye, 1980. Chakula ni Uhai ilikuwa katikati, 1975.

#47 Mzee Redio
Marahaba, hata kama tunalingana. Umenisahihisha vyema. Basi choo nilichimba 1973 na miti nilipanda 1980. Choo kimebomoka. Miti sita ya mjohoro ipo, mmoja nimeuza nguzo.

#48 Mpare Asilia
Naona kitu hapo. Kwenye redio walijadili "sisi hapa tufanye nini". Shuleni mtoto anaulizwa "taja faida tano". Hata siku moja haulizwi.

#49 Mbishi Daima
Redio haikuzuia misitu kukatwa. Tumepoteza hekta laki nne na zaidi kwa mwaka, takwimu za serikali hizo. Mzee alipanda sita. Samahani mzee.

#50 Mzee Redio
Usiombe samahani. Wewe umepanda mingapi?

#51 Mbishi Daima
...

#52 Nyeri Baridi
Mbishi amenyamaza. Piga picha ukurasa huu.

#53 Mama Tatu
Narudi kwenye jiko. Mwalimu, shule yenu inapika kwa nini? Maana nakumbuka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024.

#54 SubiraNjema
Na zile za zaidi ya 300 zilipewa mpaka Januari 2025. Halafu kuna ule mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034.

#55 KalamuYaChaki
Tuna wanafunzi 640. Jiko la gesi limeletwa, kubwa, la kung'aa, lipo stoo. Mtungi ukiisha hakuna fungu la kujaza. Kwa hiyo uji ni kuni. Kila mtoto Ijumaa anakuja na kuni mbili.

Yaani Jumatatu na Alhamisi kidumu cha kumwagilia mti, Ijumaa kuni mbili.

#56 Kivu Moja
Ile ndiyo somo ya kweli. Mutoto anaielewa muzuri sana.

#57 Punju wa Chwaka
Wacha niulize lililosahaulika. Ile mitatu iliyopona ni miti gani? Na nani kaipanda?

#58 Mzee wa Vitalu
Swali zuri. Nabashiri: wa nyuma ya jiko unakunywa maji ya kuoshea masufuria. Wa choo unakunywa, basi tuseme unakunywa. Wa mlinzi unalindwa. Maji, mbolea na mlinzi, hakuna uchawi.

#59 Mpare Asilia
Mimi nabashiri iko karibu na mtu mmoja mmoja. Jiko lina mpishi, dirisha lina mlinzi. Kila mti una mwenyewe, kama ngitili. Choo ndiyo sijui.

#60 Mama Tatu
Mimi nasema ndiyo miti ambayo mtoto hakutumwa kuimwagilia kwa adhabu.

#61 Fundi Sofa
Mimi nasema mbuzi wa mwalimu mkuu haendi chooni.

#62 KalamuYaChaki
Nimeenda kuuliza, na imenibidi nikae kwanza.

Wa mlinzi ni mwarobaini, upo kwenye hesabu ya 200. Anasema kaukinga na miba kwa sababu anachemsha majani homa ikimshika. Mbuzi wenyewe hawajaugusa.

Wa choo cha walimu ni mwembe. Nimeangalia orodha ya miche, hatukupewa mwembe hata mmoja. Umeota wenyewe, kuna mtu alikula embe akatupa kokwa. Kwa hiyo niliwadanganya: imebaki miwili, ule ni wa kokwa.

Wa jikoni ni mjohoro. Mpishi wetu, mama mtu mzima, aliuchukua siku ya sherehe miche ilipozidi, akauchana kiriba kwa kisu cha kukatia mboga, akaupanda mwenyewe jioni wageni walipoondoka. Anaumwagia maji ya masufuria kila siku, amezungushia matofali matatu na gunia kuukuu. Umefika kiunoni mwangu. Nikampongeza sana, nikamwambia mama wewe ndiye mwalimu wa mazingira wa shule hii.

Akacheka. Akasema, "Mwalimu, mimi nautunza ukue nipate kuni. Hizi mbili mbili za watoto hazitoshi uji."

#63 Gunia Tano
Mpeni huyo mama cheti.

#64 Mbishi Daima
Cheti cha nini? Anataka kuukata.

#65 Mzee wa Vitalu
Mjohoro ukikatwa unachipua. Mwambie akate juu ya goti, usawa wa paja hivi, asikate chini. Na mwalimu, Desemba ukitaka miche nitafute faraghani, nina kitalu kidogo nyumbani. Viriba nitakuja kuvichana mwenyewe.